Tukubaliane Kabla ya Mkwaju wa Kwanza

Mpira umelala kwenye kovu la nyasi katikati ya feawei, njia ya nyasi zilizokatwa inayoelekea shimoni, mchezaji anausogeza kwa ncha ya kiatu. Mwingine umezama kwenye majani na hauonekani. Mwenyewe anatoa mpira mfukoni, anaudondosha na kusema, "Huu wa tatu." Wa mwenzao umesimama hatua moja kutoka shimoni, naye anauokota huku akitembea: "Huo si umeingia?" Raundi ya gofu ya Jumamosi ya marafiki wanne huwa hivyo hapa Uganda, iwe uwanja wa Kitante au Entebbe, Jinja au Tororo. Hakuna kombe, hakuna kamati, na hakuna hata mmoja anayejiona mwizi. Ila jioni zinabaki kadi nne zilizoandikwa kwa kanuni nne tofauti, na dau la chakula likianza kuhesabiwa, maneno yanaanza pia.

Kulegeza kanuni katika raundi ya kirafiki si kosa. Anayejifunza akilazimishwa kufuata kila kifungu, giza litamkuta shimo la 14, maana huku kwetu karibu na ikweta jua huzama kati ya saa 12:30 na saa 1:00 jioni mwaka mzima na mwanga haukawii kuondoka. Kosa ni kulegeza baada ya kuona mpira ulipolala. Mkikubaliana kabla ya mtu yeyote kupiga, kila mmoja anapata nafuu ileile, na hakuna anayejua mapema itamfaa nani. Mkikubaliana mpira ukiwa tayari kichakani, anayefaidika ni mmoja tu, na wengine wanakubali kwa aibu ya kukataa.

Jambo moja liwekwe wazi mwanzoni. Kanuni za gofu zenyewe haziruhusu makubaliano ya namna hii. Kanuni ya 1.3 inasema wachezaji wakikubaliana kupuuza kanuni au adhabu wanayoijua, wanaondolewa mashindanoni, hata kama bado hawajaanza kucheza. Kwa hiyo yote yanayofuata kuhusu kulegeza ni ya raundi ya kirafiki peke yake, na kadi ya raundi hiyo isipelekwe kwenye handikapu, yaani hesabu ya mikwaju ya ziada anayopewa mchezaji kulingana na kiwango chake. Tutalirudia hili la handikapu, kwa sababu ndipo madhara makubwa yalipo.

Dakika mbili kwenye tii ya kwanza

Kabla ya kuchomeka kijiti kwenye tii, mahali pa kupigia mkwaju wa kwanza wa shimo, semeni mnacheza mchezo gani. Kuna gofu ya kuhesabu mikwaju yote, gofu ya kushindania shimo kwa shimo, na gofu ya alama za Stableford, ambapo kila shimo linakupa alama kadiri ulivyolicheza vizuri. Wengi hawataji, kila mtu anacheza aliyo nayo kichwani. Kwa raundi ya marafiki wenye viwango tofauti, Stableford ndiyo inayofaa kuliko zote. Shimo likikuharibikia unaokota mpira, unaandika sifuri, mnasonga mbele. Hakuna haja ya kuomba huruma ya mtu wala ya kupiga mara kumi na moja huku watu wa nyuma wamesimama na mikono kiunoni.

Kisha dau, kama lipo. Tajeni shilingi ngapi, kwa shimo au kwa raundi nzima, na nani anapewa mikwaju mingapi na kwenye mashimo gani. Ugomvi mwingi wa kilabuni si wa mpira uliosogezwa, ni wa mikwaju ya handikapu ambayo mmoja alidhani anaipata shimo la 17 na mwenzake hakukubali.

Halafu maligani, yaani kurudia mkwaju wa kwanza ulioharibika. Mkiiruhusu, iwe moja, iwe kwenye tii ya shimo la kwanza tu, na atakayeichukua lazima acheze mpira wa pili hata ukiwa mbaya kuliko wa kwanza. Sharti hili la mwisho ndilo husahauliwa. Asiyelifuata hakupewa nafasi ya kurudia, amepewa mipira miwili achague, na huo ni mchezo mwingine kabisa. Maligani ya "moja kwa kila mashimo tisa, popote unapotaka" ni mbaya zaidi. Mtu anaiweka akiba hadi shimo lenye maji na kuitumia pale ambapo wenzake wameshamaliza zao. Mimi ningeifuta kabisa na badala yake kila mtu afike dakika kumi na tano mapema, apige mipira michache kwenye wavu au eneo la mazoezi, na asukumize kadhaa kwenye grini ya mazoezi (grini ni nyasi fupi sana zinazozunguka shimo) ili aijue kasi ya siku hiyo. Mkwaju wa kwanza huharibika zaidi kwa sababu mwili haujapata joto.

La mwisho ni mlalo wa mpira. Msimu wa mvua, Machi hadi Mei na tena Septemba hadi Novemba, feawei hujaa tope na alama za miguu, na kusogeza mpira ni busara. Kamati zenyewe huweka kanuni ya muda ya aina hiyo. Igeni masharti yake: ni kwenye nyasi zilizokatwa za feawei peke yake, mpira unaokotwa na kufutwa, unawekwa kwa mkono ndani ya umbali uliotajwa (sentimita 15, au urefu wa kadi ya alama, au fimbo moja), usiwe karibu zaidi na shimo, na mara moja tu. Ukishauweka, uko mchezoni. Kusukuma kwa kiatu hakumo, kwa sababu kiatu hakina kipimo, na mpira uliokuwa nusu hatua ndani ya nyasi ndefu hujikuta feawei bila mtu kujua ulifikaje.

Nafuu ambazo tayari ni zako

Nusu ya udanganyifu wa raundi za kirafiki hauna sababu hata moja, kwa kuwa kanuni tayari zinampa mchezaji anachokiiba. Hapa inafaa kukaa kidogo.

Mpira umezama kwenye alama yake uliyoichimba ulipoanguka? Popote kwenye eneo la kawaida, yaani nje ya banka (kibonde cha mchanga), eneo la adhabu (kama maji, lenye vigingi vyekundu au vya njano) na grini, unapata nafuu bure, hata kwenye nyasi ndefu. Umesimama kwenye dimbwi la mvua? Nafuu bure, mradi maji yanaonekana kabla au baada ya kusimama mahali pako pa kupigia. Usikanyagekanyage ili kuyakamua ardhini. Maji yanayotoka kwa kukandamiza udongo hayahesabiwi. Bomba, kisanduku cha umeme, njia ya saruji: nafuu bure. Majani makavu, vijiti, mawe na mavi ya wanyama: ondoa, na tangu 2019 unaweza kuviondoa hata ndani ya banka, mradi mpira usisogee. Alama za viatu na mikwaruzo kwenye grini: tangu mwaka huohuo ruhusa ya kuzitengeneza ipo. Ukigusa mpira kwa bahati mbaya kwenye grini ukasogea, urudishe, hakuna adhabu.

Wanyama nao wamefikiriwa. Tumbili wa Entebbe akichukua mpira uliokuwa umetulia, na mna hakika kwamba ni yeye, rudisha mpira mahali ulipokuwa, au pa kukadiria, bila adhabu. Ndege kalooli akiudonoa na kuusogeza, ni vivyo hivyo. Mpira ukiwa bado unakwenda ukamgonga mnyama kwa bahati, unachezwa ulipoishia, isipokuwa ulipigwa kutoka kwenye grini, hapo mkwaju unarudiwa. Nyuki au nyoka mwenye sumu akiwa karibu na mpira, hakuna anayetakiwa kuwa shujaa. Tafuta mahali salama pa karibu zaidi, pasipokaribia shimo, dondosha ndani ya urefu wa fimbo moja, bure. Jinja, uwanja ulio jirani na mto Nile, umejulikana miaka mingi kwa kanuni yake ya nyumbani ya kumruhusu mchezaji autoe mpira bila adhabu ukiingia kwenye alama ya unyayo wa kiboko. Kanuni hiyo haina mzaha ndani yake. Unyayo wa kiboko unaumeza mpira, na fimbo haiwezi kuutoa.

Sasa jinsi ya kudondosha, maana hapa ndipo nafuu halali inapogeuka kuwa wizi. Tafuta kwanza mahali pa karibu zaidi ambapo kikwazo hakikusumbui kabisa, mpira wala miguu wala fimbo, pasipo kukaribia shimo. Ni mahali pa karibu zaidi, si pazuri zaidi. Pakiwa kichakani, ni kichakani, na una hiari ya kuacha nafuu na kuucheza mpira ulipo. Weka kijiti. Pima urefu wa fimbo moja kwa fimbo yako ndefu kuliko zote, ambayo kwa watu wengi ni draiva, ukiacha pata (fimbo ya kusukumiza mpira kwenye grini), inayokaribia sentimita 115. Simama wima, dondosha mpira kutoka usawa wa goti, uanguke wenyewe bila kurushwa wala kuzungushwa. Ukitoka nje ya eneo ulilopima, dondosha tena. Ukitoka mara ya pili, uweke pale ulipogusa ardhi katika mdondosho wa pili. Kazi yote hii haimalizi nusu dakika. Anayeruka hatua ya kijiti ndiye ambaye fimbo yake moja huwa mbili.

Banka za viwanja vidogo ni suala lingine. Baadhi zimekauka zikawa ngumu kama barabara ya murram, nyingine hazina reki, na mpira hulala kwenye kisigino cha mtu aliyepita jana. Kikanuni unaucheza hivyohivyo, na ukiugusa mchanga kwa fimbo mbele au nyuma ya mpira ni mikwaju 2 ya adhabu. Kwa raundi ya kirafiki, makubaliano ya haki ni haya: banka isiyo na reki, sawazisha, weka mpira palepale ndani ya mchanga, piga. Msikubaliane kuutoa nje bure. Banka iliwekwa pale ili kutoka kwake kugharimu kitu.

Mpira uliopotea na kedi aliyeupata

Hakuna mahali kadi hudanganya kuliko hapa. Kanuni ya kawaida inasema mpira ukipotea au ukivuka vigingi vyeupe vya mpaka, unarudi ulikopigia na kuongeza mkwaju 1 wa adhabu. Umepiga tii, mkwaju 1, adhabu, 1, sasa unapiga wa tatu kutoka tii ileile. Ukienda vizuri, ukifika feawei unapiga wa nne.

Katika raundi ya marafiki karibu hakuna anayerudi. Kutembea mita 200 kurudi na mita 200 kwenda tena ni dakika tano au zaidi, na kundi la nyuma limeshafika. Kwa hiyo watu wakabuni njia ya mkato: dondosha pale ulipopotelea, ongeza mmoja, piga wa tatu. Angalia hesabu hiyo kwa makini. Anayefuata kanuni yuko feawei akipiga wa nne. Anayefuata mkato yuko mahali hapohapo akipiga wa tatu. Amepewa zawadi ya mkwaju mzima, na kwa mtu anayepoteza mipira mitatu kwa raundi, hiyo ni mikwaju 3.

Jibu la haki lipo, na lilitungwa na R&A na USGA, mashirika yanayotunga kanuni za gofu. Tangu 2019 kamati inaweza kuweka kanuni ya nyumbani inayoruhusu kutorudi, kwa adhabu ya mikwaju 2. Kadirieni mpira ulipopotelea au ulipovukia mpaka. Kutoka hapo tafuteni ukingo wa feawei ulio karibu, usiokaribia shimo kuliko mahali pale. Vuta kichwani mistari miwili inayotoka shimoni, mmoja ukipita pale mpira ulipopotelea na mwingine ukipita ukingo huo wa feawei, kisha dondosha popote katikati yake, ukiongeza urefu wa fimbo mbili upande wa feawei, bila kukaribia shimo. Mkwaju wa tii 1, adhabu 2, sasa unapiga wa nne. Hesabu imelingana na ya aliyerudi, na muda umeokolewa. Kanuni hii haitumiki kama umeshapiga mpira wa akiba, wala mpira ukijulikana umeingia eneo la adhabu. Kama kuna makubaliano moja tu ningependa kila kundi lichukue kutoka hapa, ni hili: mpira uliopotea, unapiga wa nne.

Njia bora zaidi bado ni mpira wa akiba. Ukiwa na shaka, piga mwingine kabla ya kwenda kutafuta. Lakini tamka kwa sauti kwamba huu ni mpira wa akiba. Ukipiga kimya, au ukisema tu "ngoja nipige mwingine," huo wa pili ndio uko mchezoni, na wa kwanza umekufa hata kama mtaukuta katikati ya feawei.

Kutafuta ni dakika 3. Zilikuwa 5 hadi 2018, na wapo wanaoendelea na saa ya zamani. Zinaanza pale mchezaji au kedi wake (mbeba fimbo) anapoanza kutafuta, kwa hiyo kedi aliyetangulia mbele kwa haraka anakuwa ameshawasha saa. Kabla ya kuanza, mwenye mpira ataje chapa, namba na alama aliyoichora kwa kalamu. "Titleist namba 1" peke yake haitoshi. Kwenye kichaka kimoja inaweza kuwapo miwili. Ukipiga mpira usio wako ni mikwaju 2 katika gofu ya kuhesabu, na lazima urudi kusahihisha. Katika gofu ya kushindania mashimo umepoteza shimo.

Kuhusu makedi, inabidi tuseme ukweli kwa heshima. Kedi wa viwanja vyetu anaujua uwanja kuliko bosi wake, na ujira wa siku hutegemea bosi huyo anavyoondoka akiwa na furaha. Mpira ukipotea, shinikizo liko kwake. Ndiyo maana mipira mingine "hupatikana" mahali pa ajabu, juu ya nyasi, ikiwa na nafasi ya kupigika. Kosa si la kedi peke yake, wala halimalizikii kwake. Kanuni ya 10.3 inamtwika mchezaji matendo yote ya kedi wake. Kedi akikanyaga nyasi nyuma ya mpira ili kuurahisishia mlalo, adhabu ni ya mchezaji, mikwaju 2. Akiugonga kwa bahati wakati wa kutafuta, hakuna adhabu, urudishwe ulipokuwa na katika mlalo uleule. Dawa ni ya mchezaji kuitoa mwenyewe, kwenye tii ya kwanza, kwa Kiswahili au Kiganda, mbele ya wengine: "Tukiupoteza, tumeupoteza. Malipo yako yako palepale." Sentensi hiyo humwondolea kedi mzigo ambao hakuutaka.

Mahali mpira ulipovuka maji

Kijito kinachopita kwenye uwanja wa Kitante kimemeza mipira mingi, na kosa linalofanyika pale ni lilelile linalofanyika kwenye kila uwanja wenye maji. Mpira unatoka tii, unapinda kulia, unavuka ukingo wenye vigingi vyekundu umbali wa mita 120, unaruka sambamba na maji, unatumbukia mita 170. Mchezaji anatembea hadi ulipotumbukia, anadondosha hapo. Amejipa mita 50.

Kipimo ni pale mpira ulipovuka ukingo wa eneo la adhabu mara ya mwisho, si pale uliporusha maji. Kwa vigingi vyekundu, unadondosha ndani ya fimbo mbili kutoka hapo pa kuvukia, kwa mkwaju 1. Au unarudi nyuma kwenye mstari unaounganisha shimo na hapo pa kuvukia, mbali utakavyo. Au unarudi ulikopigia. Vigingi vya njano havina ile nafasi ya pembeni ya fimbo mbili. Na ukitaka kuucheza mpira ukiwa bado ndani ya eneo hilo, unaruhusiwa, na tangu 2019 unaweza hata kugusisha fimbo ardhini. Kwa kuwa macho ya mpigaji humpendelea mpigaji, aliyesimama pembeni ndiye aseme ulivuka wapi. Mkitofautiana, chukueni mahali pa katikati kisha muendelee.

Gimi, na ngozi ya pata

Katika gofu ya kushindania mashimo, kumwachia mpinzani mkwaju wa mwisho, yaani gimi, ni haki iliyomo ndani ya kanuni. Ukishamwambia "okota," huwezi kubadili, naye hawezi kukataa. Hata akiamua kuusukumiza na kukosa, ameshamaliza. Katika gofu ya kuhesabu mikwaju, gimi haipo. Mpira lazima uingie kwenye shimo la milimita 108.

Marafiki wakiiruhusu, wapime. Watu husema "ndani ya ngozi," wakimaanisha mpini wa pata, lakini kuna vipimo viwili vinavyotembea chini ya jina hilo. Mmoja anapima kwa mpini peke yake, takriban sentimita 27. Mwingine anaweka kichwa cha pata shimoni na kuhesabu hadi mpini unapoanzia, karibu sentimita 60. Tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyosikika, maana sentimita 60 kwenye mteremko wa grini iliyokauka mwezi wa Januari hukosekana kila siku. Chagueni kipimo kimoja. Ningechagua kile kifupi, na anayetoa gimi awe mpinzani, mwenye mpira asijipe. Na gimi iwe sawa kuanzia shimo la kwanza hadi la mwisho. Kundi linalotoa gimi ya mita nzima asubuhi na kunyamaza kimya kwenye shimo la 18 dau likiwa juu, limebadili kanuni katikati ya mchezo bila kusema neno.

Kadi na handikapu

Mfumo wa Handikapu wa Dunia, ulioanza 2020, unachukua wastani wa raundi 8 bora kati ya 20 za mwisho. Fikiri maana ya hilo kwa mtu anayepeleka kadi zenye maligani na gimi. Tuseme uwanja una kipimo cha 71 (mikwaju inayotarajiwa kwa mchezaji hodari) na ugumu wa 120, naye kwa kweli amepiga 90. Tofauti yake, yaani namba ambayo mfumo unaichukua kwa raundi hiyo, ni 113 (ugumu wa kawaida) gawa kwa 120, mara 19 (90 toa 71), yaani 17.9. Akifuta maligani 2 na gimi 3 ambazo hazikuwa za kuingia, kadi inasema 85, na tofauti inakuwa 13.2. Na kwa kuwa mfumo unachagua zilizo bora, kadi za uwongo ndizo zinazochaguliwa kwanza. Kadi 8 tu zilizopakwa rangi, kati ya 20, zinatosha kuifanya handikapu yote iwe ya uwongo, hata kama zile 12 nyingine aliziandika kwa uaminifu. Siku ya mashindano anasimama na handikapu iliyo pungufu kwa karibu mikwaju 5, anashindwa vibaya, na anasema hakuwa na bahati. Mwenzi wake katika mchezo wa jozi ndiye anayelipa.

Yule mwenye udanganyifu wa upande wa pili, anayetaka handikapu kubwa ili ashinde zawadi, anafanya kazi tofauti. Anasubiri siku anayocheza vizuri, kisha anaharibu mashimo matatu ya mwisho, au kadi hiyo nzuri "inasahaulika" kwenye begi. Dalili yake ni kadi zake za kirafiki na za mashindano kutofanana hata kidogo. Ndiyo maana kadi zote zinazostahili zipelekwe, nzuri na mbaya, siku hiyohiyo.

Anayeogopa kwamba shimo moja baya litamharibia handikapu, hana sababu. Mfumo una kikomo kwa kila shimo: pa (idadi ya mikwaju iliyopangiwa shimo hilo), jumlisha 2, jumlisha mikwaju unayopewa hapo. Kwenye shimo la pa 4 ambapo unapewa mkwaju 1, kikomo ni 7. Ukikifikia katika Stableford, okota mpira.

Kumwambia aliye mkubwa

Hili ndilo gumu kuliko vipimo vyote. Kundi lina kijana wa benki, mzee aliyestaafu, na afisa wa jeshi ambaye makedi wote wanamwita afande. Nani atamwambia afande kwamba alipiga 7, si 5?

Njia inayofanya kazi ni kuuliza mapema, kabla hesabu haijawa msimamo. Mwandikaji wa alama aulize kwenye grini, kabla ya mtu yeyote kuondoka kwenda tii inayofuata: "Afande, tuhesabu pamoja: tii, kichakani, mmoja wa kutoka, banka miwili, halafu hapa miwili?" Mikwaju ikitajwa kwa mahali ilipopigwa, mtu hujirekebisha mwenyewe bila kuaibika. Ukisubiri hadi mezani, mbele ya watu na chakula, utakuwa umemwita mwongo. Na kama ni kuhusu nafuu, uliza kabla hajapiga: "Mzee, huo unaudondosha kwa fimbo moja au mbili?" Akishapiga, maswali hayasaidii kitu.

Mkishindwa kukubaliana katika gofu ya kuhesabu, kanuni ya 20.1 ina mlango mzuri. Mchezaji anasema kabla ya kupiga kwamba atacheza mipira miwili, na anataja upi angependa uhesabiwe kama kanuni inaruhusu. Anamaliza shimo kwa yote miwili, anaandika alama mbili, na mwenye ujuzi kilabuni anaamua baadaye. Katika gofu ya kushindania mashimo njia hiyo haipo, ila mpinzani ana hiari ya kulifumbia jicho kosa la mwenzake, mradi wasiwe wamekubaliana wawili.

Kadi ikiandikwa, weka herufi ndogo ya G pembeni ya kila shimo lililomalizwa kwa gimi, na M kwa maligani. Yenye M haiendi kwenye handikapu hata ikiwa nzuri namna gani. Yenye G, ikiwa ni ya kushindania mashimo, inaweza kwenda, kwa kuongeza mikwaju ambayo ingehitajika kumaliza: mpira ulio ndani ya mita 1.5 kwenye grini, ongeza 1. Kutoka hapo hadi mita 18, ongeza 2 au 3 kulingana na mahali ulipo. Mbali zaidi ya hapo, 3 au 4. Kisha mpe mwandikaji asome kila shimo kwa sauti, na asaini yeye kwanza.